Kuchagua multimita inayodumu na inayosema kweli: mwongozo kamili kwa wapenda elektroniki wa Dar es Salaam

Mwongozo huu ni wa mtu anayejenga na kutengeneza vitu vidogo vya elektroniki nyumbani: saketi za Arduino na ESP32 (bodi ndogo za kompyuta unazoziandikia programu), chaja za betri za lithiamu, amplifaya, taa za sola, pawasaplai za kompyuta. Kwa kazi hizo multimita moja nzuri, yaani kifaa cha kupimia volti, mkondo na ukinzani, inatosha kwa miaka mingi, lakini boksi lake halitakuambia kama ni nzuri. Maandishi ya boksi ni ahadi tu. Ushahidi ni betri moja na rezista chache utakazokuja nazo mfukoni. Kariakoo risiti nyingi zimechapwa kabisa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, kwa hiyo mita ipimwe kabla pesa haijatoka mkononi.

Anza na unachopima

Kaa chini uandike vitu utakavyopima pamoja na volti zake. Kwa wengi orodha inakuwa hivi: volti 3.3 za ESP32, volti 3.0 hadi 4.2 za betri ya lithiamu kama 18650; volti 5 za USB; volti 12 hadi 14.4 za betri ya gari au ya sola. Na volti 230 za umeme wa TANESCO. Kama unafungua chaja za simu na pawasaplai za kompyuta, ongeza mstari mmoja zaidi: kapasita kubwa ya upande wa kuingilia hushika takriban volti 325 za DC (umeme usiobadilika mwelekeo), kwa sababu kilele cha wimbi la volti 230 ni 230 mara 1.414. Chaji hiyo inaweza kubaki humo hata baada ya plagi kuchomolewa.

Mstari huo wa mwisho ndio unaoamua ununue nini. Asiyegusa kitu chochote kilichochomekwa ukutani anaweza kutanguliza usahihi na asijali sana kinga. Anayefungua pawasaplai, inveta au amplifaya anunue kinga kwanza, kisha usahihi kwa pesa iliyobaki. Kuna mita ambazo zina tarakimu nyingi na za kuvutia kwenye kioo, huku ndani hakuna kitu kinachomlinda aliyezishika.

Hesabu za kioo, na kwa nini 6000 ni mahali pazuri pa kusimama

Kila multimita ya dijitali ina kikomo cha namba inayoweza kuonyesha. Zile za bei ya chini, kama DT830 na DT9205A, zinaishia 1999. Za kati zinafika 4000 au 6000 hivi, na za juu 20000 au zaidi. Namba hii haielezi usahihi. Inaeleza tarakimu ya mwisho itakuwa ndogo kiasi gani.

Chukua betri ya lithiamu iliyojaa, volti 4.2. Mita ya 1999 itaipima kwenye kiwango cha volti 20, nayo itaonyesha 4.20, hatua ya chini ikiwa 0.01. Ya 6000 itaipima kwenye kiwango cha volti 6 na kuonyesha 4.200, hatua ya 0.001. Sasa angalia ya 4000: kiwango chake cha kwanza kinaishia 3.999, hivyo volti 4.2 inaisukuma kwenye kiwango cha volti 40, na inarudi kuonyesha 4.20 kama ile ya bei ya chini. Volti 5 za USB zinaangukia shimo hilo hilo. Mita ya 6000 inabeba 3.3, 4.2 na 5 zote ndani ya kiwango kimoja, na hizo ndizo volti tatu ambazo mpenda elektroniki anazipima kila siku. Kama bajeti inaruhusu, usishuke chini ya hapo.

Kusoma usahihi bila kudanganyika

Kwenye kijitabu cha mita usahihi huandikwa kwa sehemu mbili, mfano ±(0.5% + 3). Asilimia ni ya namba unayoisoma. Ile 3 ni hesabu za tarakimu ya mwisho. Watu huangalia asilimia na kuisahau sehemu ya pili, ambayo kwenye volti ndogo ndiyo inayouma zaidi.

Rudi kwenye volti 4.20. Kwa mita ya 6000 yenye ±(0.5% + 3): 0.5% ni 0.021, hesabu tatu ni 0.003, jumla 0.024. Ukweli uko kati ya 4.176 na 4.224. Kwa mita ya 1999 yenye ±(0.5% + 2): 0.021 ile ile, lakini hesabu mbili hapa ni 0.02, jumla 0.041. Ukweli uko kati ya 4.159 na 4.241. Asilimia ni sawa kwa mita zote mbili, lakini kosa la moja linakaribia kuwa mara mbili ya mwenzake. Ukitaka kujua kama saketi ya kuchaji ya TP4056, ambayo yenyewe inaruhusiwa kukosea 1.5%, inavusha chaji, mita ya pili inakuacha njiani.

Kuna jambo jingine ambalo kwa Dar halina budi kusemwa. Usahihi wa kwenye kijitabu kwa kawaida unahesabiwa kwa joto la nyuzi 23, ukiruhusu 5 juu au chini, yaani 18 hadi 28, na unyevu wa hewa usiozidi asilimia 75 au 80. Mchana wa Januari au Februari chumba kisicho na kiyoyozi kinapita 30 bila shida, na wakati wa masika unyevu wa asubuhi unavuka kikomo hicho. Vijitabu vingi vinasema ongeza sehemu ya kumi ya usahihi kwa kila nyuzi inayozidi. Kwenye nyuzi 33, ambazo ni 5 juu ya 28, asilimia 0.5 inakuwa 0.75. Si janga, lakini mita iliyokaa kwenye dashibodi ya gari juani ipewe nusu saa kivulini kabla ya kuaminiwa.

Kama kijitabu hakina jedwali la usahihi kwa kila kiwango, chukulia mita hiyo haina usahihi unaojulikana. Neno "high precision" lililochapwa kwenye boksi halichukui nafasi ya jedwali.

Ukinzani wa kuingilia

Mita inapopima volti inakuwa sehemu ya saketi, nayo inakunywa mkondo kidogo. Mita nzuri ina ukinzani wa megaomu 10 upande wa kuingilia, na mkondo inaokunywa hauonekani. DT830 nyingi zina megaomu 1 tu. Kwenye betri au USB hutaona tofauti. Utaiona ukipima kigawanyo cha volti (rezista mbili zinazogawana volti) chenye rezista kubwa, kama kile kinachopunguza volti ya betri kabla ya kuingia pini ya ESP32: mita inakuonyesha volti ndogo kuliko iliyopo, unabadilisha rezista zilizo nzima, na tatizo halikuwa la saketi. Jaribio la kuligundua hili dukani liko mbele.

Maneno TRUE RMS yana faida lini

Maneno haya yana maana kwamba mita husoma volti halisi za AC (umeme unaobadilika mwelekeo) hata kama umbo la wimbi si la kawaida. Kama AC pekee utakayopima ni soketi ya ukutani, hayana faida kubwa. Wimbi la TANESCO linakaribia umbo sahihi, na mita ya kawaida italisoma vizuri. Inveta za bei ndogo za sola ndizo zinazovuruga mambo. Mita ya kawaida hupima wastani wa wimbi kisha huzidisha kwa 1.11, ikidhani wimbi ni laini. Inveta ya mawimbi ya ngazi yenye kilele cha volti 325, ambayo inakaa kwenye kilele nusu ya muda na kwenye sifuri nusu nyingine, inatoa volti 230 halisi. Wastani wake ni 162.5, na mara 1.11 unapata 180. Mteja anaona 180, anamgombeza aliyemuuzia inveta, na inveta ni nzima kabisa. Mita yenye TRUE RMS ingeonyesha karibu 230.

Anayecheza na inveta, dima za taa au spidi za mota anunue TRUE RMS. Wengine wanaweza kuiruka bila kujuta.

Kinga: hapa usibane pesa

Ajali ya kawaida kuliko zote hutokea hivi. Mtu amepima mkondo, waya mwekundu umebaki kwenye tundu la 10A, kesho yake anapima volti za soketi. Kati ya tundu la 10A na COM (tundu la waya mweusi) kuna kipande cha chuma chenye ukinzani wa takriban omu 0.01. Maana yake ameunganisha laini na nyutro moja kwa moja kupitia mita aliyoishika mkononi. Kama tundu hilo halina fyuzi, kinachosubiriwa ni breka ya nyumba kuanguka, na kabla haijaanguka ncha zinayeyuka, kipande kile kinalipuka ndani ya kasha, na plastiki nyembamba ndiyo inayotenganisha cheche na vidole.

Soma maandishi yaliyo pembeni ya tundu la 10A au 20A. Kama yanasema UNFUSED, hilo tundu halina ulinzi wowote. DT830 na DT9205A nyingi ndivyo zilivyo. Mita za namna hiyo zitumike kwa betri na USB tu.

Fyuzi nazo zina daraja. Ya kioo cha uwazi, milimita 5 kwa 20, huandikwa 250V. Ikikatika kwenye mkondo mkubwa inaweza kupasuka, na mvuke wa chuma ukaendelea kupitisha umeme. Inayotakiwa ni ya kauri iliyojazwa mchanga, nene, kwa kawaida milimita 10 kwa 38 upande wa 10A, iliyoandikwa volti 600 au 1000. Mchanga unayeyuka na kuuzima moto wa umeme ndani ya fyuzi. Ukipata mita yenye fyuzi hizo, nunua na akiba yake siku hiyo hiyo. Zikikatika na huna akiba, kishawishi cha kuweka ya kioo au kipande cha waya kitakuwa kikubwa, na ukifanya hivyo umeirudisha mita kwenye kundi la UNFUSED.

Kisha angalia alama ya CAT, inayosema mita inafaa kutumika sehemu gani ya mfumo wa umeme. CAT II ni kwa vifaa vinavyochomekwa kwenye soketi. CAT III ni kwa waya za ndani ya jengo, soketi zenyewe na kisanduku cha breka. CAT IV ni upande wa mita ya LUKU na waya wa nguzo, na huko mpenda elektroniki hana kazi, waachie TANESCO. Volti zinazofuata alama zina maana pia: CAT III 600V ni kiwango kizuri kwa mtu wa kawaida mwenye umeme wa volti 230, au 400 kati ya fezi na fezi. Waya za kupimia nazo zina alama yake, na alama ndogo kati ya mita na waya ndiyo inayohesabika. Mita ya CAT III yenye waya zisizo na alama yoyote ni mita isiyo na alama.

Alama inaweza kuchapwa na yeyote. Njia ya kuihakiki ni kuona ndani. Mita nyingi zina kifuniko cha betri na fyuzi kinachofunguka kwa bisibisi moja, mwombe muuzaji kwa adabu: "Kaka, naomba tuifungue tuone fyuzi, nikiridhika nalipa sasa hivi." Ukikuta CAT III imeandikwa nje na fyuzi ya kioo ya 5 kwa 20 iko ndani, maandishi hayo hayana uzito.

Kupima mkondo: kitu kinachosahauliwa hadi saketi izime

Mkondo unapita ndani ya mita kupitia rezista ndogo, na rezista hiyo inakula volti. Kwenye DT830, kiwango cha miliampea 200 kina omu 1 hivi, cha miliampea 20 kina 10, na cha miliampea 2 kina 100. Ongeza fyuzi na waya, kiwango cha juu kinaweza kufika omu 2. ESP32 inapowasha Wi-Fi huvuta kwa muda mfupi miliampea mia kadhaa. Kwa miliampea 300 kupitia omu 2 unapoteza volti 0.6, 3.3 inabaki 2.7, chini ya 3.0 inayohitajika, na chipu inajiwasha upya kila mara. Fyuzi ya miliampea 200 nayo haitaishi. Hamishia waya tundu la 10A, ukubali kwamba tarakimu za chini zitapotea.

Kwa saketi za betri zinazolala, ambapo ESP32 hutumia takriban mikroampea 10, unahitaji mita yenye kiwango cha µA. Angalia kwenye swichi kama alama hiyo ipo. Wanaojenga vipima-joto vya shambani au vya matangi ya maji wanaihitaji. Wanaotengeneza amplifaya hawaihitaji.

Vitu vinavyokufa kwanza

Mita haifi kwa chipu yake. Inakufa kwa waya, swichi, na sehemu ya betri, na hewa ya chumvi ya pwani inaharakisha yote matatu.

Waya za kupimia zinazokuja na mita za bei ya chini ni za plastiki ngumu. Zinakatika ndani, karibu na mpini au plagi, huku ganda likionekana zima. Za silikoni ni laini, hazikumbuki mikunjo, na ncha ya moto ya kulehemu ikizigusa kidogo haziyeyuki. Kama mita ni nzuri na waya ni dhaifu, nunua mita hiyo na waya nyingine zenye CAT III; ni matumizi mazuri ya pesa kuliko kupanda daraja la mita.

Swichi ya kuzungusha inapitisha vipimo vyote kwenye vidole vidogo vya chuma vinavyosugua bodi. Iwe na mshiko thabiti, isilegee kati ya hatua na hatua. Spring za betri ziangalie kama zinang'aa. Betri za 9V za bei ya chini huvuja, na tindikali hiyo ikikutana na unyevu wa Dar hula spring kwa wiki chache. Mita zinazotumia AA au AAA mbili zinapendeza zaidi: betri hizo zinapatikana kila duka la mtaani na hudumu zaidi.

Betri ikichoka, mita ya bei ya chini haizimi. Rejea yake ya ndani, yaani volti ambayo mita hulinganishia vipimo vyake, inashuka, na namba kwenye kioo zinapanda kuliko ukweli. Mita inayoanza kuonyesha volti 5.6 kwenye USB mara nyingi inaomba betri. Mita nzuri huonyesha alama ya betri mapema kabla vipimo havijaharibika.

Majaribio ya kwenye kaunta

Beba mfukoni: betri mpya ya 9V, rezista mbili za megaomu 1, moja ya omu 100 na moja ya kiloomu 1, zote za 1% (zina mistari mitano ya rangi, badala ya minne), LED moja nyeupe, na waya tatu zenye klipu za mamba. Vyote vinapatikana kwenye maduka ya vipuri vya elektroniki hapo hapo Kariakoo. Kisha fuata mpangilio huu.

1. Tikisa mita karibu na sikio. Kitu kikigonga ndani, omba nyingine.

2. Weka kwenye omu, kiwango cha chini, gusanisha ncha. Inatakiwa ionyeshe 0.1 hadi 0.3 na itulie. Sasa kunja waya karibu na plagi na karibu na mpini. Namba ikiruka, waya ni mbovu. Ikizidi 0.5, waya ni mwembamba au tundu limelegea.

3. Pima rezista ya omu 100, toa ile namba ya ncha zilizogusana. Kubali kati ya 98 na 102. Zungusha swichi duru nzima mara kadhaa, rudi ulipokuwa. Namba irudi ile ile, tofauti isizidi hesabu moja au mbili. Jaribio hili linaifichua swichi mbovu kuliko jingine lolote.

4. Weka kwenye mlio (sehemu ya kupima kama njia ya umeme haijakatika). Gusa ncha haraka haraka, kama unakwaruza. Mlio uitikie kila mguso bila kuchelewa wala kukohoa. Utapima pini za chipu na nyaya za bodi kwa njia hii maelfu ya mara, na mlio unaochelewa utakufanya useme waya umekatika wakati ni mzima.

5. Weka kwenye daiodi, shika LED nyeupe, waya mwekundu mguu mrefu. Kama inawaka hata kwa mbali, mita inatoa zaidi ya volti 2.5 hivi, nayo itakufaa kupima LED za rangi zote. Isipowaka, bado itapima daiodi za kawaida (0.5 hadi 0.7) na za Schottky (0.2 hadi 0.3). Si sababu ya kuikataa, ila ni sababu ya kushusha bei.

6. Pima betri ya 9V moja kwa moja, kumbuka namba. Unganisha rezista mbili za megaomu 1 kwa mfuatano juu ya betri, pima juu ya moja. Kama betri ni 9.5, mita ya megaomu 10 itaonyesha takriban 4.52, yaani 0.476 ya betri. Ya megaomu 1 itaonyesha takriban 3.17, theluthi moja. Usishike ncha kwa vidole wakati huu. Mwili wako nao ni rezista.

7. Hamishia waya tundu la mA, weka kwenye miliampea, pitisha mkondo wa betri kupitia rezista ya kiloomu 1. Kwa betri ya 9.5 utaona karibu na miliampea 9.5, pungufu kidogo si tatizo. Ikionyesha sifuri, fyuzi imekatika, na mita hiyo imeshachezewa na mtu. Rudisha waya tundu la volti papo hapo, kabla hujazungumza neno jingine.

8. Omba ya pili ya aina hiyo hiyo, mpya, upime betri ile ile kwa zote mbili. Zikitofautiana zaidi ya jumla ya makosa yanayoruhusiwa kwenye kijitabu, kiwanda hakikuzirekebisha, na hakuna njia ya kujua ipi inasema kweli. Hamia aina nyingine.

Sehemu ya kapasita, kama ipo, usiipime kwa kapasita ya kawaida ya silinda ya alumini. Hizo zenyewe zinaruhusiwa kutofautiana 20%, hazithibitishi kitu.

Muuzaji mwenye mali nzuri hatakukataza, hasa ukifika asubuhi kabla duka halijajaa. Anayekataa hata betri isiguse mita amekuokolea pesa. Dai risiti ya EFD yenye jina la mita.

Ipi kwa nani

Mwanafunzi wa DIT au VETA anayeanza na bredibodi na betri atafanya kazi kwa mwaka mzima na DT9205A iliyopita majaribio haya, kwa masharti ya kutoigusisha na umeme wa ukutani. DT830 ibaki kwenye boksi la vifaa kama mita ya pili; mita ya pili ina kazi, kwa sababu mara nyingi unataka kuona volti na mkondo kwa wakati mmoja.

Kwa wengi, kundi sahihi ni la hesabu 6000, TRUE RMS, inayojichagulia kiwango, fyuzi za kauri kwenye matundu yote mawili. UNI-T UT139C ni mfano wake: hesabu 6000, TRUE RMS, betri za AA. Anayefungua pawasaplai lakini hapimi mkondo anaweza kufikiria Fluke 101, ndogo, hesabu 6000, CAT III 600V. Haina tundu la mkondo kabisa, na kwa sababu hiyo ajali ya tundu la 10A haiwezi kutokea.

Jina kubwa peke yake halimalizi kazi. Fluke 17B+ ni imara sana, lakini ni ya hesabu 4000 na haina TRUE RMS. Kwa fundi wa umeme ni chaguo zuri, kwa mtu wa betri za lithiamu na inveta kuna inayomfaa zaidi kwa pesa ndogo. Na rangi ya njano si ushahidi wa chochote. Marekani Fluke imesajili uso wa kijivu kilichokoza wenye ukingo wa njano kuwa alama yake, na mwaka 2014 forodha ya huko ilizuia shehena ya mita za njano za SparkFun, duka la vifaa vya elektroniki, kwa sababu hiyo. Huku kwetu mita za njano ziko kila meza. Majaribio manane ya juu hayaangalii rangi wala jina.

Ukishaifikisha nyumbani

Tengeneza rejea ndogo ya kudumu. Nunua LM4040 (chipu inayotoa volti thabiti ya kulinganishia) daraja A ya volti 2.5, ambayo kwa nyuzi 25 haikosei zaidi ya 0.1%, yaani 2.4975 hadi 2.5025. Iunganishe na volti 5 za USB kupitia rezista ya kiloomu 1, pima, andika namba na tarehe kwenye karatasi iliyobandikwa mgongoni mwa mita. Rudia kila baada ya miezi sita. Namba ikianza kusogea, badilisha betri kwanza. Ndani ya mita nyingi kuna kipotensiometa cha kurekebishia. Usikizungushe kwa kulinganisha na mita ya jirani. Anayefanya kazi ya malipo inayohitaji cheti cha usahihi aende TBS, Ubungo, wana maabara ya vipimo.

Hifadhi mita kwenye boksi lenye kifuniko pamoja na vifuko vya silika vinavyokuja na viatu na mikoba mipya. Ikikaa mwezi bila kazi, toa betri. Swichi ikianza kusitasita baada ya miaka, fungua kasha ukiwa umechomoa waya zote, safisha njia za dhahabu kwa pamba na spiriti ya isopropili, acha ikauke kabisa kabla ya kufunga. Usipulize kilainishi cha bawaba humo ndani: kinashika vumbi na unyevu, kinatengeneza njia ya mkondo kati ya viwango, na mita ya megaomu 10 inageuka kuwa ya megaomu isiyojulikana. Ukimaliza kazi kila siku, swichi iache kwenye OFF na waya mwekundu kwenye tundu la volti.